Chuma Tulichokula

Mama alinifundisha kuisikiliza mashine kabla hajanifundisha kuiwasha. Alikuwa akinisimamisha nje ya kibanda cha mabati, mgongo ukutani, na kuniambia nifumbe macho nitaje kinachosagwa. Mahindi makavu yalitoa sauti ya mvua ya mawe. Mtama ulimwagika kama mchanga. Muhogo, ambao watu wa kwetu Asembo Bay waliuanika juu ya mawe ya ufuoni, ulikuja na mlio mwembamba wa kukwaruza, na hapo mama alikunja uso, kwa sababu mlio ule haukuwa wa muhogo. Ulikuwa wa changarawe iliyoshikamana nao, na changarawe ilikuwa inazila nyundo zake.

Nyundo hizo ni vipande bapa vya chuma, urefu wa kiganja, vinavyoning'inia kwenye mhimili ndani ya tumbo la mashine. Injini ya dizeli ikizungusha mhimili, nyundo hufunguka kama vidole vya mkono na kuipiga nafaka hadi iweze kupita kwenye matundu ya chekeche. Kila nyundo ina pembe nne. Pembe moja ikilika na kuwa butu, unaigeuza ifanye kazi ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne, na mwishowe unabaki na kitu chembamba kinachofanana na ulimi.

Nilipokuwa mdogo nilimwuliza mama ile sehemu iliyolika imeenda wapi.

"Wapi tena?" akasema. "Kwa unga."

Alicheka aliposema hivyo, lakini alikuwa ameshalifikiria jambo lenyewe. Pale unga unapotokea alikuwa amefunga sumaku ya spika ya redio iliyokufa. Kila jioni aliifuta kwa kipande cha gazeti, na gazeti likabaki na vumbi jeusi, laini kama wanja. Alikunja gazeti na kulitupa kwenye shimo la taka. Mimi niliamini kwamba yote yaliyolika yalikuwa kwenye gazeti lile, na kwamba hakuna kilichotuponyoka.

Mama alifariki mwaka niliomaliza shule. Baada ya mazishi ndugu walirudi makwao mmoja mmoja, na mimi nikabaki na mashine.

Kazi ya kusaga ina watu wengi, na bado sijapata kuona kazi ya upweke kuliko hiyo. Kila nyumba ya pale ufuoni ilikuja kwangu, lakini hakuna aliyekuja kukaa. Mwanamke anayebeba mahindi ana sufuria inayomngoja nyumbani. Injini ikinguruma hatuwezi kuongea, tunaonyeshana vidole; injini ikizimwa, wa mwisho ameshajitwika beseni lake na anateremka njia ya kuelekea ziwani. Nilikuwa nikibaki mlangoni, nyusi nyeupe kwa unga, masikio yakiendelea kuvuma, nikitazama migongo. Nilijua kila nyumba inakula nini na kiasi gani, ila nyumba hizo hazikujua mimi nakula na nani.

Nilikuwa na baba, lakini baba alikuwa mtu wa mwisho wa mwezi. Alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha sukari, upande wa pili wa Kisumu, kwenye uwanda wa Kano. Alikuwa amefanya kazi huko tangu kabla sijazaliwa. Alikuja na sukari guru iliyofungwa kwenye gazeti, akakaa usiku mmoja au mbili, akaondoka. Nguo zake zilinuka sukari iliyoungua. Mama alimzungumzia kama watu wanavyozungumza habari ya mvua: imenyesha, haijanyesha, labda wiki ijayo.

Mara moja tu, nikiwa mtoto, mama alinipeleka kumwona kazini. Nakumbuka joto, na miwa ikipanda juu ya mkanda kama msitu unaotembea. Nakumbuka rola tatu za chuma, kila moja nene kuliko pipa la maji, zikizunguka polepole na kuikamua miwa hadi maji yake yakatiririka chini kama mto mchafu. Na kwenye ubao uliolowa, karibu kabisa na rola, alikuwepo mtu amechuchumaa, uso ameufunika, anachomelea. Kiwanda hakikusimama ili yeye afanye kazi yake. Rola ilizunguka, na yeye akaidondoshea chuma kilichoyeyuka, tone baada ya tone, cheche zikiruka na kuzimika ndani ya maji ya miwa.

"Anatengeneza nini?" nikauliza.

"Anatia meno," mama akasema kwenye sikio langu. "Rola ikiwa laini, muwa unateleza. Haushikwi."

Mtu yule alikuwa baba yangu. Sikumtambua mpaka aliponyanyua ngao ya uso.

Mwishoni mwa miaka ya themanini kiwanda kile kilifungwa. Sitaeleza sababu zake, kwa kuwa kila aliyenieleza alikuwa na sababu yake. Ninachojua ni kwamba wafanyakazi waliambiwa kila mtu aondoke na kile anachoweza kubeba, na watu wakatoka getini na viti, na ndoo, na mlango mmoja wenye kitasa. Baba alitoka na pakiti ya rodi za kuchomelea.

Mama mmoja jirani, muuzaji wa omena, dagaa wa ziwani, mwenye ulimi mkali kuliko wembe, alikuwa kibandani kwangu siku baba alipofika. Aliitazama ile pakiti nyekundu, ndefu, iliyofungwa kwa plastiki.

"Jaduong', mzee wetu, wenzako wamebeba viti," akamwambia. "Wewe utakalia hizo?"

"Hizi haziketiwi, mama."

"Basi zinapikwa?"

Baba aliniuliza mimi kama jikoni kuna mahali pakavu. Rodi ya aina ile ikipata unyevu hutema inapochomwa na kuacha vishimo, kwa hiyo niliitundika pakiti juu ya meko, pale ambapo mama alizoea kukausha samaki. Hivyo ndivyo baba alivyohamia nyumbani: begi moja la nguo, na kitu cha kuwekwa mahali pakavu.

Nilikuwa nimengoja siku hiyo maisha yangu yote, na ilipokuja sikujua niifanyeje. Alikuwa mgeni mwenye adabu. Alikunja blanketi lake kabla sijaamka. Alinishukuru kwa chai, "Ero kamano, nyathina," asante mwanangu, kana kwamba angeweza kunyimwa. Mchana alikaa kwenye kivuli cha kibanda, mikono juu ya magoti, akiangalia mashine ya mkewe. Tulikuwa wawili, na upweke ukawa na watu wawili. Nilikuwa nikimwona akigeuza kichwa kila gari lilipopungua mwendo barabarani, na niliogopa. Nilijua namna ya mtu anayesubiri kuitwa.

Kilichomwinua hatimaye ilikuwa sauti. Siku moja nilikuwa nasaga mahindi ya mwalimu wa shule ya msingi, na baba akasimama, akaja mlangoni, akainamisha kichwa upande mmoja kama mama alivyokuwa akifanya. Alinionyesha kwa mkono nizime.

"Haipigi," akasema. "Inapapasa."

Alifungua tumbo la mashine, akatoa nyundo moja, akaipitishia kidole gumba.

"Nani alikuwa anazichomelea?"

"Hakuna. Mama alinunua mpya Kondele, kule Kisumu. Zinakatwa kwa springi za lori."

"Springi." Alilitamka kama jina la mtu anayemdharau kidogo. "Ndiyo maana."

Nilimwona akitazama upande wa jikoni, juu, mahali nilipotundika pakiti.

Kwetu wakati huo hapakuwa na umeme, kwa hiyo tulizibeba nyundo kwenye kiondo hadi Kondele, kwa fundi mmoja mwenye banda karibu na stendi, nyuma ya wauzaji wa sufuria. Fundi huyo alikuwa na mashine ya kuchomelea aliyojisukia mwenyewe kwa nyaya za shaba, na miwani ya jua aliyoivaa mahali pa ngao. Baba alipofungua plastiki na kutoa rodi moja, fundi aliichukua, akaipima mkononi, akainusa.

"Mzee, hii si rodi ya geti na madirisha."

"Siyo."

"Iko na nini ndani?"

"Kromi," baba akasema. "Na tungsteni kidogo. Inatoka ng'ambo. Hapa nchini haitengenezwi."

"Halafu unaweka kwa posho mili?" Fundi aliwageukia vijana wake. "Njooni muone. Huyu mzee anavalisha punda suti."

Walicheka, na baba akacheka nao kidogo, kisha akafunika uso. Sikuwahi kumwona akifanya kazi karibu namna ile. Mkono wake ulitulia kabisa. Alidondosha matone ya chuma kwenye pembe za nyundo, moja hapa, moja pale, kila tone likisimama peke yake, gumu, lenye ncha, na alipomaliza nyundo zote zilikuwa na meno kama mgongo wa mamba. Alizipanga kwenye kiondo kwa uangalifu. Tulirudi nyumbani tukiwa na furaha ambayo hatukuitaja.

Kesho yake niliwasha mashine, na unga ukatoka wa moto na wenye chenga kubwa. Mashine nzima ilitetemeka. Muuzaji wa omena alitia mkono kwenye beseni lake, akautoa, akautazama.

"Jaduong'," akaita kwa sauti ya kumfikia kila mtu, "hapa hatukamui miwa! Sisi tunataka kuon, ugali laini. Hii nitapikia nani, kuku?"

Baba alikuja, akachukua unga ule kidogo, akausugua katikati ya vidole. Nilimwona akitambua. Miaka yote ile mkono wake ulijifunza jambo moja, kutia meno ili kitu kisiteleze, na mkono ukalifanya hapa pia, mahali ambapo nyundo ilitakiwa kuwa na ukingo mmoja ulionyooka, na uzito sawa na mwenzake wa upande wa pili. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanacheka wakishikana mabega. Na baba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya debe. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko chake kikiwa kizima, chenye mwanzo na mwisho, na nilifikiri: sasa amefika nyumbani.

Tulirudi Kondele kuyaondoa meno. Fundi alitumia jiwe la umeme linalozunguka, na kile chuma kilichotoka ng'ambo, kilichovushwa bahari na kubebwa kutoka getini, kiliruka kama cheche nyekundu hadi kwenye vumbi la sakafu. Kijana mmoja akaja na ufagio. Alikifagia pamoja na maganda ya mahindi ya kuchoma na vipande vya waya, akavimwaga kwenye mtaro. Baba alifuata ule ufagio kwa macho mpaka mwisho.

"Karibu nusu," akaniambia. "Karibu nusu ya tulichoweka."

Lakini kilichobaki kilikaa. Baba alikopa mizani ya wauzaji wa samaki na kuzipanga nyundo mbili mbili, nzito kwa nzito, nyepesi kwa nyepesi, na mashine ikaimba. Mahindi yaliyokuwa yakinichukua asubuhi nzima yalikwisha kabla ya chai. Wanawake walianza kuja kutoka mbali, wakapita mashine nyingine mbili njiani. Na jioni nilipoifuta sumaku ya mama, gazeti lilitoka karibu jeupe.

Nilimkimbilia baba nalo. Nilimwonyesha kama mtoto anavyoonyesha daftari la shule. "Ona! Haziliki tena."

Alilishika gazeti, akaligeuza. Kisha alisimama, akafungua mashine, akatoa nyundo na kuitundika kwenye mizani. Mshale ulisimama chini kidogo ya mahali uliposimama mwanzo. Kidogo sana, lakini chini.

"Inalika," akasema. "Polepole, lakini inalika. Sumaku ya mamako inashika chuma cha springi. Hii yangu haiioni."

"Kwa hiyo iko wapi?"

Alinitazama kama mtu anayejiuliza iwapo jibu litaniumiza.

"Tumekula," akasema.

Nilikaa chini. Baba naye akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu aje akazungumza kwa muda mrefu. Aliniambia kwamba kule kiwandani kila asubuhi alikuta rola ina upara. Meno aliyotia jana hayakuwepo. Hakuna aliyeiba na hakuna kilichovunjika. Miwa ilikuwa na mchanga, na mchanga na muwa viliyasugua hadi yakaenda, mengine na maji ya miwa, mengine na makapi yaliyochomwa kwenye tanuri, mengine labda hadi kwenye chai ya mtu Mombasa. Angeyatia upya, na kesho yake upara tena. Ujana wake wote ulikwenda hivyo.

"Fundi wa nyumba anapita mahali na kusema, ile niliijenga mimi," akasema. "Mimi sina pa kupita."

Nilitaka kumshika mkono. Kwetu binti mkubwa hamshiki baba yake mkono hivi hivi. Nilimwambia kwamba chai iko tayari.

Sikuweza kuacha kuliwaza jambo lile. Nilipokuwa nakula ugali nilijikuta nautafuna polepole, nikitafuta ladha ya baba. Haikuwepo. Niliwaza watu wote wa pale ufuoni, wavuvi, watoto wa shule, mapadri, wote wakibeba ndani yao chembe zisizoonekana za chuma kilichosafiri kuliko wao, na hakuna hata mmoja aliyejua kushukuru. Kitu adimu kikimwagwa kidogo kidogo kwa watu wengi hakuna anayekipata. Ni kana kwamba hakikuwahi kuwepo.

Baada ya miezi mingi zilikuwapo nyundo kadhaa ambazo hazikufaa tena, miili yake ya springi ikiwa imelika nyuma ya ule ukingo mgumu. Nilizipeleka Kibuye, upande wa nyuma ya soko, wanakonunua vyuma chakavu. Mnunuzi alikuwa amekaa juu ya injini ya trekta, anakula ndizi.

"Leta, dada. Tupa hapo."

"Hizi si chuma cha kawaida," nikamwambia. "Ukingo wake ni chuma kigumu cha kutoka nje. Labda kuna mtu anayeweza kukitumia tena."

"Kigumu kivipi?"

"Kina kromi."

"Kromi kama ya bampa?" Akacheka. "Sister, hapa kwangu kuna chuma cha kushika sumaku na cha kukataa. Hii inashika. Weka na wenzake."

Nilimwuliza zinaenda wapi. Akaniambia zinayeyushwa pamoja, zinatoka nondo za kujengea. Nilizirusha kwenye lundo, juu ya springi za kitanda na rimu za baiskeli na kisahani cha mizani. Huko kwenye tanuri kromi ya baba ingekuwa kama chumvi iliyotupwa ziwani. Ingekaa milele ndani ya ukuta wa mtu, bila kufanya kazi yoyote. Soko lilikuwa limejaa, watu wakinipita kwa mabega na vifurushi vya nguo, na nilisimama mbele ya lundo lile nikiwa peke yangu kama siku ya mazishi.

Kurudi nyumbani nilimkuta mgeni.

Alikuwa mtu wa makamo, amevaa shati lililopigwa pasi, na baba alikuwa amemwekea kiti kile kizuri. Walifanya kazi pamoja zamani. Sasa mgeni alikuwa msimamizi katika kiwanda kingine cha sukari, mbali, upande wa magharibi. Alikuwa anazungumza kwa haraka.

"Miwa inateleza, bwana. Rola ziko laini kama goti la mtoto. Rodi hakuna, meli na meli zinakuja, rodi hakuna. Wanasema pesa za kigeni hakuna. Mimi nikawaambia, kuna mzee namjua, anachomelea rola ikizunguka, na aliondoka na pakiti."

"Pakiti imepungua," baba akasema.

"Imebaki ngapi?"

"Za kutosha kuanza."

"Basi njoo nazo. Wewe bila rodi ni mzee tu, hawatakuandika. Rodi bila wewe ni takataka. Mkija pamoja, kesho uko kazini, na nyumba ya kampuni." Mgeni alinigeukia. "Binti, utamruhusu mzee wetu?"

Nilisema chakula kiko karibu.

Mgeni aliondoka na ahadi ya kusubiri hadi mwisho wa mwezi. Na ndani ya nyumba yetu kila kitu kikawa wazi, ingawa hakuna aliyekitamka. Ukingo wa nyundo ulikuwa umeanza kuisha tena. Nilikuwa nausikia, na baba alikuwa anausikia. Rodi zile zilizokuwa juu ya meko zingetosha jambo moja tu. Zikiingia kwenye begi, baba anaondoka nazo na kuwa tena mtu wa mwisho wa mwezi. Zikiingia kwenye nyundo, hana tena cha kubeba kwenda popote.

Nilipika chini yake kila siku. Moshi ulipanda na kuizunguka pakiti, na mimi nikauchochea moto vizuri, kuni kavu, kwa kuwa aliniambia zitunzwe kavu. Nilitaka abaki kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Lakini pia niliyakumbuka yale maneno yake, sina pa kupita, na niliwaza kwamba kule walikuwa wanamwita kwa jina lake na kwa kazi yake, na hapa alikuwa baba wa msichana wa mashine.

Mwezi ulipokaribia kwisha nilimkuta jikoni, jambo lisilo la kawaida, amesimama akitazama juu.

"Mamako," akasema bila kugeuka, "aliwahi kuniomba nibaki?"

"Hakuniambia."

"Hata mimi hakuniambia. Nilikuwa namngoja aseme. Pengine na yeye alikuwa anangoja nione."

Kuni zilipasuka motoni. Nilijua kwamba nikinyamaza nitakuwa mama.

"Baba," nikasema, "nyundo zimeisha."

Aligeuka akanitazama.

"Zinaweza kwenda na springi," akasema. "Wengine wote wanatumia springi."

"Zinaweza. Lakini mimi naomba hizi."

Alinyoosha mkono, akaishusha pakiti, akapangusa masizi kwa kiganja, na akaniuliza kiondo kiko wapi.

Kule Kondele alichomelea nyundo zote, za ndani ya mashine na za akiba, ukingo ulionyooka, bila meno. Fundi wa miwani aliacha kufanya mzaha. Alisimama nyuma ya bega la baba, akitazama. Rodi zilipokaribia kwisha alisema, "Mzee, bakisha hata moja. Kesho ni siku."

"Ya kufanyia nini?"

"Ya kuwa nayo tu."

"Kuwa nayo nimekuwa nayo," baba akasema, akaifunga rodi ya mwisho kwenye kishikio.

Kila rodi huacha kipande kifupi mwishoni, kifupi mno kushikika. Vilikuwa vimetapakaa miguuni pake, vyeusi, kama njiti za kiberiti zilizoungua. Kijana alikuja na ufagio. Safari hii baba hakuufuata kwa macho. Alikuwa anazipima nyundo mkononi, mbili mbili, na kunipa moja baada ya nyingine nizipange.

Sitasema kwamba baada ya hapo tulikuwa watu wa maongezi. Aliendelea kukunja blanketi lake mapema. Zilikuwapo siku alizokwenda peke yake hadi ufuoni na kukaa huko, akiitazama Kisumu isiyoonekana ng'ambo ya maji, na aliporudi sikumwuliza. Upweke wake alikuja nao, na wangu ulinikuta hapo. Lakini alijifunza majina ya watoto wa wateja, na kwenye foleni aliwasimulia mama zao jinsi wanavyokula rodi zake. Alijifunza kufumba macho na kutaja kinachosagwa. Muhogo ukija na changarawe yake alikuwa wa kwanza kupiga kelele.

Mgeni wa shati la pasi alirudi msimu uliofuata. Mashine ilikuwa imesimama kidogo, injini ikipoa, na foleni ilikuwa ndefu. Baba alikuwa ameshika mdomo wa gunia la mtu, mikono myeupe hadi viwiko.

"Mzee," mgeni akasema baada ya salamu, "tulikusubiri. Hata sasa bado. Zile rodi ziko?"

Baba alielekeza kidevu barabarani. Wanawake wawili walikuwa wanateremka kuelekea ziwani, mabeseni kichwani, wakizungumza.

"Zile pale zinaondoka," akasema. "Kimbia, labda utazipata."

Mgeni aliwatazama wale wanawake, akamtazama baba, akanitazama mimi.

"Mimi usinikimbilie," muuzaji wa omena akasema kutoka kwenye foleni. "Zangu nilishapika jana."

Foleni nzima ililipuka kwa kicheko. Mgeni alingoja kicheko kiishe, akatikisa kichwa, akaushika mkono wa baba uliojaa unga, akaondoka. Baba alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya ua wa manyara. Alisimama hivyo kwa muda, na mimi sikuthubutu kuiwasha injini.

Kisha alilifunga gunia lile, akamsaidia mwenyewe kujitwika, na kugonga ukingo wa mashine kwa kiganja.

"Anayefuata," akasema.